Medali ya van der Burgh na mateke ambayo waamuzi hawakuyaona

USIKU wa tarehe 29 Julai 2012, tukiwa katika kumi la kwanza la Ramadhani ya mwaka 1433 Hijria, waogeleaji wanane walipanda juu ya majukwaa ya kurukia katika bwawa la Olimpiki mjini London. Bwawa hilo, ambalo paa lake limepinda mithili ya wimbi, lilisanifiwa na Zaha Hadid, mwanamke mzaliwa wa Baghdad. Shindano lilikuwa la mita 100, yaani kwenda na kurudi mara moja. Mshindi alikuwa kijana wa miaka 24 kutoka Afrika Kusini, Cameron van der Burgh, aliyegusa ukuta baada ya sekunde 58.46. Hakuna mwanadamu aliyewahi kuogelea umbali huo kwa mtindo ule kwa muda mfupi kuliko huo. Akatazama juu, akamkumbuka rafiki yake aliyekuwa amefariki miezi mitatu kabla, na watu wengi waliokuwa wakitazama wakaguswa.

Siku chache baadaye gazeti moja la Australia lilimwuliza kuhusu picha zilizopigwa chini ya maji. Picha hizo zilionyesha kuwa baada ya kuruka majini alipiga mateke ambayo sheria haiyaruhusu. Angeweza kukana, au kunyamaza, au kusema kuwa picha zinadanganya. Alikiri. Kisha akaongeza kuwa wengine wanafanya hivyo hivyo, na kwamba asiyefanya huachwa nyuma.

Ndugu msomaji, maneno hayo mawili yaliyotoka katika kinywa kimoja, yaani kukiri na kujitetea, ndiyo yaliyotufanya tumzungumze mtu huyu katika ukurasa wa Ijumaa. Van der Burgh si mwenzetu katika dini, wala hatukusudii kumhukumu kwa mizani ya dini ambayo hakuifuata. Lakini jambo alilolisema linasemwa kila siku katika nyumba zetu, na watoto wetu wanalijua kwa moyo kabla hawajahitimu darasa la saba: mbona wote wanafanya!

Kabla ya kufika huko, inatupasa kuueleza mtindo wenyewe, kwani bila ya kuufahamu hatutafahamu kosa lilikuwa nini. Katika mitindo minne ya kuogelea inayoshindaniwa kimataifa, uko mmoja ulio wa polepole kuliko yote, nao umezungushiwa sheria nyingi sana. Waingereza wameuita kwa jina la kifua. Mtoto wa pwani akimwona mtu anauogelea husema kuwa anaogelea kama chura, na kwa kuwa jina hilo linaeleza zaidi, ndilo tutakalolitumia. Mikono yote miwili huenda pamoja, na miguu yote miwili huenda pamoja, nyayo zikiwa zimegeuzwa nje. Kila mvuto mmoja wa mikono hufuatwa na teke moja la miguu, wala haviruhusiwi kuchanganywa vinginevyo. Kichwa ni lazima kitokeze juu ya maji katika kila mzunguko. Mwogeleaji akifika ukutani ni lazima auguse kwa mikono miwili kwa wakati mmoja, na akigusa kwa mkono mmoja huondolewa hata kama amewatangulia wenzake kwa mita kumi.

Sheria hizi zina historia. Maji ya juu yana mawimbi na povu, na mwili unaopita juu hupambana nayo, ilhali maji ya chini yametulia. Mwaka 1956, katika Olimpiki ya Melbourne, Mjapani Masaru Furukawa alishinda mita 200 za mtindo huu akiwa amezama sehemu kubwa ya safari, akiibuka kwa uchache tu ili kuvuta pumzi. Hakuvunja sheria yoyote, kwani haikuwapo. Baada ya hapo Shirikisho la Kimataifa la Kuogelea, lililojulikana kwa jina la FINA, likakataza. Likaacha ruhusa ndogo tu: baada ya kuruka, na baada ya kugeuka ukutani, mwogeleaji anaweza kuvuta mikono mara moja na kupiga teke moja akiwa chini, kisha aibuke.

Humo katika ruhusa ndogo ndimo ugomvi ulimohamia. Wavuvi wetu wanamfahamu pomboo, na wamemwona anavyoupiga mkia wake juu na chini akapita mbele ya ngalawa kama mshale. Mwogeleaji naye akiibana miguu yake pamoja na kuipiga namna hiyo, husukumwa mbele kwa nguvu kuliko lile teke la chura. Katika mtindo wetu huu teke la pomboo lilikuwa haramu kabisa. Katika Olimpiki ya Athens mwaka 2004, Mjapani mwingine, Kosuke Kitajima, alimshinda Mmarekani Brendan Hansen katika mita 100, na mwenzake Hansen, Aaron Peirsol, akalalamika hadharani kwamba Kitajima alipiga teke la pomboo chini ya maji. Matokeo hayakubadilishwa. Mwaka uliofuata FINA ikaamua kuruhusu teke moja la pomboo, moja tu, katika kila kuanza na kila kugeuka. Ndiyo desturi ya watunga sheria: wakishindwa kulizuia jambo zima hulihalalisha robo yake, na watu huanza kugombania robo tatu zilizobaki.

Na ni nani aliyekuwa akihesabu? Waamuzi wa kuogelea husimama kando ya bwawa, wakitazama kutoka juu. Mtu anaporuka majini hufunikwa na povu jeupe, na katika sekunde zile mbili tatu jicho la mwamuzi haliwezi kusema kwa yakini kama miguu imepiga mara moja au mara tatu. Kamera za televisheni zilikuwapo chini ya maji mjini London, na watazamaji wa dunia nzima waliona kupitia kwazo. Waamuzi peke yao ndio waliokuwa hawaruhusiwi kuzitumia.

Sasa tumrejee mtu wetu. Cameron van der Burgh alizaliwa Pretoria tarehe 25 Mei 1988, wakati nchi yake ilikuwa bado imefungiwa nje ya Olimpiki kwa sababu ya siasa ya ubaguzi wa rangi. Ilirudishwa mwaka 1992, yeye akiwa na miaka minne. Mwaka 1996 mjini Atlanta, Penny Heyns wa nchi hiyo hiyo alishinda medali za dhahabu katika mita 100 na mita 200 za mtindo wa chura, na mpaka leo hakuna mwanamke mwingine aliyezichukua zote mbili katika Olimpiki moja. Kwa hiyo kijana huyu alikulia katika nchi ambayo mtindo huo ulikwisha kuwa na heshima yake.

Jina lake lilianza kutajwa sana mwaka 2009, katika mashindano ya dunia ya Roma, aliposhinda mita 50 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 26.67 na kupata shaba katika mita 100. Huo ndio mwaka wa yale mavazi maarufu ya plastiki, yaliyombana mwogeleaji na kumwelesha juu ya maji. Rekodi 43 za dunia zilivunjwa Roma ndani ya siku nane, na kuanzia tarehe 1 Januari 2010 mavazi hayo yakapigwa marufuku. Tunalitaja hili kwa makusudi. Aliyevaa vazi lile mwaka 2009 alivaa kitu kilichoruhusiwa, na haki yake haiondoki kwa sababu ruhusa iliondolewa baadaye. Kitu kilichokuwa halali kikakatazwa ni jambo moja, na kitu kilichokuwa kimekatazwa siku kilipofanywa ni jambo jingine kabisa. Wako watu wanaovichanganya viwili hivi wanapomzungumza van der Burgh, wakasema kuwa mchezo huu tangu hapo ni wa hila tu. Huo si uadilifu.

Rafiki aliyemkumbuka siku ya ushindi wake alikuwa Mnorwei Alexander Dale Oen, mzaliwa wa mwaka 1985, aliyepata fedha katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 nyuma ya Kitajima. Tarehe 22 Julai 2011, nchini Norwei, mtu mmoja aliyejaa chuki dhidi ya Waislamu na wahamiaji aliwaua watu 77, wanane kwa bomu mjini Oslo na 69 katika shambulio la kisiwa cha Utøya, ambako vijana walikuwa wamepiga kambi. Tunakumbuka kwamba katika saa za mwanzo, kabla muuaji hajafahamika, wapo waliokimbilia kuwatuhumu Waislamu. Siku tatu baadaye, katika mashindano ya dunia ya Shanghai, Dale Oen alishinda mita 100 kwa sekunde 58.71, na alipogeuka kutoka ukutani aliinyoshea kidole bendera ya nchi yake iliyochorwa kwenye kofia yake. Van der Burgh alikuwa wa tatu katika mbio hizo.

Watu wote walitarajia wawili hao wakutane tena London. Tarehe 30 Aprili 2012, Dale Oen akiwa katika kambi ya mazoezi huko Flagstaff, jimbo la Arizona nchini Marekani, alianguka bafuni na kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 26. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kuwa mishipa inayoupelekea moyo damu ilikuwa imeziba kwa maradhi. Yaani mtu ambaye mapafu na misuli yake ilikuwa miongoni mwa iliyo bora duniani alikuwa akitembea na maradhi kifuani, na hakuna aliyejua.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya ule usiku wa London. Van der Burgh aliongoza tangu mwanzo. Christian Sprenger wa Australia alimfuata kwa sekunde 58.93, na Hansen, yule yule wa Athens, akawa wa tatu kwa 59.49. Kitajima, aliyekuwa akiitafuta dhahabu ya tatu mfululizo, akawa wa tano. Rekodi iliyovunjwa ilikuwa 58.58 ya Mwaustralia Brenton Rickard, iliyowekwa Roma mwaka 2009 katika mavazi yale ya plastiki, na kuivunja kwa vazi la kitambaa lilikuwa ni jambo la kustaajabisha. Hakuna mwanamume wa Afrika Kusini aliyewahi kabla yake kupata dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea akiwa peke yake. Siku mbili baadaye Chad le Clos akampata mwenzake.

Kisha yakaja yale mahojiano. Tuyatazame maneno yake kwa insafu, kwani yana mambo zaidi ya moja. Alikiri kwamba alizidisha mateke. Alikubali kwamba jambo hilo si la kimaadili. Alisema hata hivyo kuwa hakuwa tayari kuipoteza kazi ya miaka minne kwa ajili ya mtu mwingine atakayefanya hivyo hivyo na asionekane. Akaeleza kuwa mwaka 2010, katika mashindano yaliyofanyika Japani, waamuzi walitumia kamera za chini ya maji, na siku hiyo hakuna aliyethubutu. Akataka kamera hizo zitumike kila mahali, ili wote wawe sawa.

Tuanze na lililo jema. Mtu aliyekwisha kuvishwa medali, na muda wa pingamizi umepita, na Australia haikuweka pingamizi lolote, hana la kupata kwa kusema kweli ila lawama. Ameisema. Kuna wanamichezo wengi ambao mpaka wameingia makaburini hawakuwahi kusema hata robo ya hayo, na wapo waliokana mahakamani kwa kiapo. Asiyeuona wema huu katika maneno yake ana jicho moja tu.

Lakini wanachuoni wetu walipozungumzia toba hawakuishia katika kukiri. Walisema mtu aliache kosa, alijutie, na aazimie kutolirudia, na ikiwa kosa limegusa haki ya mwanadamu mwingine, basi airejeshe haki hiyo au amwombe mwenyewe radhi. Sharti hili la mwisho ndilo zito, na ndilo ambalo watu hulikwepa. Kukiri kwa namna ya kusema "nilifanya, na wote hufanya" hakumrudishii Sprenger chochote. Kwa kweli kunampunguzia, kwani kunamtia na yeye katika lile neno "wote" bila ya ushahidi. Labda Sprenger alizidisha mateke, labda hakuzidisha. Neno "wote" halikumpa nafasi ya kujulikana kuwa alikuwa msafi.

Hapa ndipo mahali pa ubaya wa hoja hii, na tunaomba wazazi wapazingatie. Mtu anaposema kila mfanyabiashara hupunguza mizani, anamtukana yule mmoja asiyepunguza, ambaye huenda duka lake liko jirani tu. Mwanafunzi anaposema kila mtu aliupata mtihani uliovuja, amemwibia mwenzake aliyekesha akisoma, kwanza alama zake, na pili jina lake. Na hoja hii ina mkia mrefu, kwani kila anayeisema huongeza mtu mmoja katika hao "wote", mpaka uongo uliokuwa wa wachache unakuwa kweli kwa sababu umesemwa.

Wapo watakaosema kwamba sheria isiyoweza kusimamiwa si sheria, na kwamba kosa ni la FINA iliyoziacha kamera za televisheni zikiona na ikawafumba macho waamuzi wake. Hoja hii ina uzito wake, nasi tutaigusa. Ila tukumbuke ni mwezi gani ule. Siku ile ile ya tarehe 29 Julai, katika pwani yetu, watoto waliofunga walikuwa wakioga baharini kukata joto la mchana. Kila aliyepitia chuoni anakumbuka jinsi maalimu alivyoonya juu ya kuogelea na saumu, kwani mtoto akizamia chini na kiu imemkaba, ni nani atakayejua kama amemeza funda moja la maji? Si mama yake, wala si maalimu, wala si mwenzake aliyezamia ubavuni mwake. Saumu nzima, kutoka alfajiri hadi magharibi, ni sheria ambayo mwanadamu hawezi kuisimamia kwa mwenziwe, na juu ya hayo mamilioni ya watu huitimiza, wakiwamo watoto wa miaka kumi. Basi asituambie mtu kwamba mwanadamu hawezi kuhesabu teke moja chini ya maji asipotazamwa.

Na bado, tukiwa waadilifu, historia ya miji ya Kiislamu haikuliacha soko mikononi mwa dhamiri peke yake. Aliwekwa mtu aliyeitwa muhtasibu, ambaye kazi yake ilikuwa kupita sokoni, kukagua mizani na vipimo, kutia mkono ndani ya gunia kuona kama nafaka ya chini imelowa. Waliomweka walikuwa watu wanaomcha Mungu na waliowajua wanaomcha Mungu, lakini walitambua kuwa mfanyabiashara mwaminifu naye ana haki ya kulindwa, asije akafilisika kwa sababu ya uaminifu wake. Van der Burgh alipodai kamera, alidai muhtasibu. Katika hilo alisema sawa, na FINA ilistahili lawama kwa kuchelewa. Katika miaka iliyofuata kanuni za teke hilo zilirekebishwa, na picha za chini ya maji zikapata nafasi katika kazi ya waamuzi wa mashindano makubwa.

Tofauti ni kwamba mwaminifu humwomba muhtasibu aje kabla ya kupima, na wakati akimngoja hupima sawasawa.

Jambo moja zaidi la London lisipite bila kutajwa. Mhungaria Dániel Gyurta, aliyekuwa wa nne katika zile mita 100, alishinda mita 200 tarehe 1 Agosti kwa rekodi ya dunia ya dakika 2 na sekunde 7.28. Naye alikuwa akimpenda Dale Oen. Akaamua itengenezwe nakala ya medali yake ya dhahabu ili ipewe familia ya marehemu. Van der Burgh alimkumbuka rafiki yake kwa maneno na kwa ishara ya kutazama mbinguni, na hatuna sababu ya kuutilia shaka uchungu wake. Nasi tumejiuliza tu, tukiyasoma yale mahojiano: medali inayotunukiwa kumbukumbu ya mtu aliyekufa, je, haikustahili kupimwa kwa uangalifu zaidi kabla ya kutunukiwa? Pengine swali hili ni gumu mno kwa kijana wa miaka 24 aliyepoteza mwenzake. Wazee wa makamo nao hulikimbia wanapotoa sadaka kwa niaba ya wazazi wao kutokana na mali wasiyoiulizia ilikotoka.

Maisha yake ya mchezo hayakuishia hapo. Mwaka 2013, katika mashindano ya dunia ya Barcelona, alikutana tena na Sprenger katika mita 100, na safari hii Sprenger akawa wa kwanza kwa sekunde 58.79, van der Burgh wa pili kwa 58.97. Siku mbili baadaye van der Burgh akashinda mita 50. Tulipoyasoma matokeo hayo tulifurahi kwa ajili ya Mwaustralia yule, na hatuoni aya kulisema.

Mwaka 2014 mjini Glasgow, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, alitokea kijana wa Kiingereza wa miaka 19, Adam Peaty, akamshinda katika mita 100. Aprili 2015, katika bwawa lile lile la London, Peaty akaivunja ile rekodi ya 58.46 kwa kuogelea sekunde 57.92, na akawa mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 58. Agosti mwaka huo, mjini Kazan, van der Burgh aliweka rekodi mpya ya mita 50 ya sekunde 26.62 asubuhi, na jioni ya siku hiyo hiyo Peaty akaishusha hadi 26.42. Rekodi iliyomchukua miaka ya mazoezi ilidumu kwa muda wa kula chakula cha mchana na kulala kidogo. Wale waliodhani kuwa siri ya van der Burgh ilikuwa mateke tu walipaswa kujiuliza hapo, kwani katika fainali ya mita 100 mjini humo alishindwa na Peaty kwa sekunde 0.07, macho ya dunia yote yakiwa juu ya miguu yake. Kijana alikuwa na kipaji cha kweli. Hilo ndilo linaloifanya habari yake iumize: huenda asingeyahitaji mateke yale, na sasa hakuna awezaye kujua, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Huko Rio mwaka 2016 alipata fedha kwa sekunde 58.69, Peaty akiwa mbali mbele kwa 57.13. Aliendelea kwa miaka miwili zaidi. Mjini Hangzhou, China, mwezi Desemba 2018, katika mashindano ya dunia ya bwawa fupi la mita 25, alishinda mita 50 na mita 100, akatangaza kustaafu akiwa na umri wa miaka 30. Wakati huo rekodi ya mita 100 katika bwawa refu ilikuwa sekunde 57.10 na mwenyewe ni Peaty. Katika kitabu cha matokeo ya London jina la van der Burgh limebaki la kwanza na la Sprenger la pili, na kati yao pameandikwa sekunde 0.47.